Pumzi na Maana: Uhakiki wa Malezi ya Waimbaji Chipukizi wa Taarab

Mjadala kuhusu mafunzo ya muziki katika ukanda wetu umejikita mno katika ala, mitaala na vyeti. Swali la namna kijana anavyolelewa hadi aufasiri wimbo, badala ya kuuimba tu bila kukosea, limeachwa kando. Makala haya yanadai kwamba, katika taarab ya Unguja, ufasiri huanzia kwenye maana ya shairi. Malezi yanayoanzia kwenye noti humfikisha mwanagenzi kwenye usahihi na kumwacha hapo.

Tuchukue mshororo uliotungwa kwa ajili ya mjadala huu: “Sikukuacha kwa chuki, nimekuacha kwa haya.” Una mizani 16, nane kwa kila kipande. Mwimbaji anayevuta pumzi baada ya “sikukuacha” humfanya msikilizaji aamini, japo kwa kitambo, kwamba hakuna aliyeachwa. Anayevuta pumzi baada ya “chuki” hukikabili kipande cha pili kama ungamo. Noti zaweza kuwa zile zile, lakini kauli si ile ile. Wala pumzi ya kwanza si kosa daima: mwimbaji aliyekusudia kumpa msikilizaji tumaini kisha amnyang’anye ameufasiri mshororo. Kosa ni kukatiza pale kwa sababu tu pumzi imekwisha. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza “sauti yapanda wapi?”, mlezi hana budi kuuliza “huyu anasema nini, na anamwambia nani?”

Hoja hii ina mizizi katika historia. Siti binti Saad hakujua kusoma; mashairi aliyapokea kwa sikio na kuyahifadhi moyoni. Alipoipa taarab sauti ya Kiswahili, maana iliwafikia wengi ambao Kiarabu kiliwapita. Kuanzia mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay. Santuri hizo ni hazina, ila humpotosha mwanagenzi anayeziiga pumzi kwa pumzi. Upande mmoja wa santuri ya wakati huo ulichukua takriban dakika tatu. Urefu wa wimbo uliamuliwa na chombo. Ukumbini, ubeti waweza kurudiwa, na msikilizaji aliyeguswa huinuka kumtuza mwimbaji. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliziimba nyimbo za Siti bila kuwa kivuli chake.

Hatusemi kwamba noti hazina tija. Chuo cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kimeonyesha kwamba taarab yaweza kufundishwa darasani, na noti hurahisisha mazoezi ya kundi kubwa. Hata hivyo, sauti ya pili ya maqamu ya Bayati huangukia kati ya vibonye viwili vya kinanda cha kawaida. Udi na fidla huifikia kwa kidole kinachoongozwa na sikio. Alama yaweza kuonyesha kwamba sauti ishushwe. Kiasi cha kuishusha hujulikana kwa kukaa karibu na fundi.

Hapa ndipo sera inapohusika. Mfumo unaomtaka fundi mzee awe na shahada kabla ya kuketi miongoni mwa watahini humwondoa anayekijua zaidi kinachotahiniwa. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mtahiniwa alighani shairi bila ala na kulieleza. Pili, auimbe ubeti mmoja kwa namna mbili, akitetea kila pumzi. Tatu, mafundi wasio na vyeti watambuliwe na kulipwa kama watahini kamili.

Mapendekezo haya hayahitaji jengo jipya wala ala za kuagizwa ng’ambo. Yanahitaji muda wa mafundi waliosalia, na muda huo haungoji mitaala ikamilike.