Jina na Chanzo: Uhakiki wa Uainishaji wa Aina Mbili za Uvimbe Adimu wa Mapafu

Sehemu hii inahakiki majina mawili ya kipatholojia yaliyodumu kwa miongo kadhaa kabla ya kuachwa. Yote mawili yanahusishwa na mwanapatholojia Averill Liebow, na yote yalikosea chanzo cha seli, tena kwa namna zinazokinzana.

Mwaka 1956 Liebow na Hubbell walieleza uvimbe wa mapafu waliouita hemanjioma yenye kukakamaa, yaani uvimbe wa mishipa ya damu. Chini ya hadubini dai hilo lilikuwa na mashiko, kwa kuwa nafasi zilizojaa damu huonekana wazi. Imunohistokemia ilikuja kuonesha kwamba seli za juu na seli za duara, zote mbili, hubeba protini ya TTF-1, ambayo ni alama ya epithelia ya mapafu. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 ukauita nyumosaitoma. Kinyume chake, uvimbe ambao Dail na Liebow waliueleza mwaka 1975 kuwa wa bronkiolo na vifuko vya hewa, ulioingia ndani ya mishipa, ndio uliokuwa wa mishipa yenyewe. Leo huitwa hemanjioendothelioma ya kiepithelioidi, na mara nyingi huwa na muungano wa jeni WWTR1 na CAMTA1.

Kumlaumu Liebow si haki. Kingamwili za kuthibitisha hazikuwapo. Kinachostahili kuhojiwa ni desturi ya kutaja chanzo ndani ya jina kabla ya ushahidi. Mfasiri wa Kiswahili anayeandika "uvimbe wa mishipa ya damu" kwa kufuata vitabu vya zamani anarithi kosa zima.

Toleo la tano, la 2021, limepiga hatua kwa kutenganisha vigezo vya lazima na vya kuhitajika. Hata hivyo, karsinoma ya NUT haiwezi kuthibitishwa bila kuonesha protini ya NUT au mabadiliko ya jeni yake. Maabara yenye hematoksilini na eosini pekee iandike nini? Kwa maoni yangu, ieleze umbo la seli, itaje vipimo visivyofanyika, na isikisie chanzo. Hilo si suala la istilahi tu: nyumosaitoma, ambayo kwa kawaida si saratani, inaweza kudhaniwa kuwa adenokarsinoma katika kipande kilichogandishwa wakati wa upasuaji, na mgonjwa akaondolewa sehemu kubwa ya pafu kuliko ilivyohitajika.