Damu Haiibi Ng'ombe

Yapo maneno yasemwayo mara kwa mara juu ya ndugu zetu Wakurya wa Tarime na Serengeti: kwamba wao ni wakali kwa damu, na kwamba wizi wa ng'ombe wamezaliwa nao. Enzi za ukoloni wengi wao waliandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, na sifa hiyo ikazidi kuvuma. Siku hizi maneno hayo yamevishwa kanzu ya elimu: husemwa ni jeni, yaani chembe za urithi. Yafaa tuyapime.

Uislamu haukanushi kuwa zipo tabia za maumbile. Ashajji wa Abdulqays alisifiwa na Mtume (S.A.W.) kwa upole na utulivu. Alipouliza kama sifa hizo amezichuma au ameumbwa nazo, alijibiwa kuwa ameumbwa nazo. Lakini hayo yalisemwa juu ya mtu mmoja, si juu ya kabila. Tena mwana wa Nabii Nuhu aliangamia katika ukafiri, naye Nabii Ibrahim alitoka katika nyumba ya waabudu masanamu.

Wataalamu nao, katika uchunguzi wa Dunedin, New Zealand, uliotangazwa mwaka 2002, walikuta kuwa aina fulani ya jeni iliambatana na ukorofi kwa wavulana walioteswa utotoni. Wenye jeni hiyo hiyo waliolelewa vyema hawakuwa hivyo. Basi hata palipo na jeni, malezi yana nguvu yake.

Atakaye sababu za wizi wenyewe na asome kitabu cha Michael Fleisher, Kuria Cattle Raiders, cha mwaka 2000. Zamani vijana walivamia ng'ombe kwa ajili ya mahari na sifa ya ushujaa. Fedha ilipoingia, wizi ukawa biashara, ng'ombe wakavushwa mpaka kuuzwa Kenya. Na baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 zikaingia bunduki. Je, damu ilibadilika kwa miaka michache hiyo? La hasha! Kilichobadilika ni soko na silaha.

Hata hivyo, msomaji wa kitabu hicho asije akauvua udhuru wa damu akavaa udhuru wa soko. Bei humshawishi kijana, haimburuti. Katika kijiji kile kile wamo wenye damu ile ile na dhiki ile ile, wala hawaibi. Na wengine wao ndio walioibiwa.

Asemaye "ni damu yao" huwadhulumu watu wawili: mwenye ng'ombe, kwa kumwondolea mwizi lawama, na mtoto mchanga, kwa kumwita mwizi kabla hajachunga hata mbuzi. Nasi tumefundishwa katika Qur'ani kuwa hakuna nafsi itakayobebeshwa dhambi ya nafsi nyingine.

Basi mzazi na amfundishe mwanawe haki ya jirani mapema. Na mnunuzi asiyeuliza ng'ombe ametoka zizi gani ajue kuwa naye ni mshirika wa mwizi, awe wa kabila lolote.

Wabillahi taufiki.