Sifa za Ukili

Bibi wa pwani akikaa barazani na fungu lake la ukindu, hasuki mkeka. Anasuka ukili, utepe usiofika upana wa kiganja, nao unarefuka miguuni pake pima baada ya pima huku yeye akizungumza na jirani au akimtuma mjukuu dukani. Mkeka hauonekani popote. Utaonekana siku ukili utakaposhonwa ukingo kwa ukingo, na siku hiyo huenda iko mbali.

Naupenda ufundi huu kwa sababu hiyo hasa. Chungu kikishaanza kufinyangwa hakimngojei mgeni aage, udongo hukauka. Ukili unaahirishika. Wali ukinukia kuungua jikoni, ukili huviringwa ukasukumwa uvunguni, na kesho kazi huendelea palepale ilipoachwa. Pengine ndiyo maana umedumu mikononi mwa wanawake ambao siku zao hazina saa moja iliyo yao peke yao.

Usidhani basi kwamba ni kazi ya ovyo. Majani machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajachanua, huanikwa juani hadi yapauke, kisha huchanwa chane nyembamba zenye upana mmoja. Za rangi huchemshwa. Zamani weusi ulitoka kwenye mmea uitwao mdaa. Siku hizi wengi hununua rangi ya unga dukani. Majamvi na vikapu vigumu huhitaji miyaa ya mkoche badala ya ukindu. Wakati wa kusuka, chane ikikaribia kuisha, nyingine hupachikwa juu yake zikasukwa pamoja, na ncha zinazochomoza hukatwa baadaye. Watu husifu rangi na nakshi, lakini mimi huona ustadi wenyewe uko kwenye maungio hayo, na katika kukaza kwa mkono uleule leo na wiki ijayo. Ukili uliolegea huku na kukazwa kule huvuta mshono, na mkeka hukataa kulala sakafuni.

Kosa nalo lina dawa yake. Likionekana mapema, hufumuliwa vidole vichache tu, kazi iliyotangulia ikabaki salama. Na ukili wa kwanza wa mwanafunzi, wenye mawimbi yake, hautupwi: hushonwa kikapu cha sokoni, na muhogo haulalamiki. Sijapata kumsikia msukaji akisema anangoja vidole vyake viwe hodari ndipo aanze. Uhodari vitaupatia wapi, kama si kwenye ukili huohuo uliopinda?

Mikeka ya plastiki imejaa madukani. Ni rahisi, husafishwa kwa maji, na sina ugomvi nayo. Anayeniudhi ni mnunuzi anayesimama mbele ya mkeka wa ukindu na kumtaka mwenyewe apunguze bei kwa kuwa eti ni majani tu. Majani yaliokotwa wapi yakiwa yamechanwa, yamechemshwa na kusukwa pima zote hizo?

Kwa hiyo ukienda kununua, ugeuze mkeka utazame upande wa chini. Kagua maungio, pitisha kidole kwenye mishono, uone kama umelala sawa. Ukiridhika, lipa bei uliyotajiwa.