Kamera Ipimwe Kihambani

Mpiga video wa Moshi kwa kawaida huivia kazini: kipaimara, sendofu, harusi za Desemba Wachaga wanaporudi kwao. Ni shule nzuri ya mwanga na ya kufanya mambo haraka, ila huliharibu sikio. Ukumbini sauti yote ni ya spika za MC, na kwenye kuediti inafunikwa na muziki. Mtu anaweza kufanya kazi miaka na miaka asijue maiki yake inasikia nini. Akija kutaka filamu yake mwenyewe, anaingia dukani na swali moja: hii ni 4K?

Mimi ningeanza na ubavu wa kamera. Funua kile kifuniko cha mpira utafute tundu la maiki. Canon 2000D na 4000D, ambazo wanaoanza huzikimbilia kwa bei, hazina. Sony a6000, pamoja na picha yake nzuri, haina. Canon 700D ya mwaka 2013 inalo, Lumix G7 ya 2015 inalo, Sony a6300 ya 2016 inalo. Kati ya kamera mpya isiyo na tundu na mtumba wenye tundu, chukua mtumba. Hiyo 4K watazamaji wako wengi wataitazamia kwenye simu, tena wakiwa wanabana bando.

Maiki ya kubana kifuani ndiyo ya kuanza nayo. BOYA BY-M1 ni ya bei ya chini na imezoeleka: waya wa mita 6, kibetri cha LR44, na swichi ya kuchagua simu au kamera. Swichi ikikaa vibaya utalaumu maiki bure. Kwa maiki nyingine yoyote, hesabu mistari myeusi kwenye pini: miwili ni ya kamera, mitatu ni ya simu. Ya simu ukiichomeka kwenye kamera bila adapta, huenda usipate sauti kabisa.

Sasa ipime. Ingia kwenye menyu utoe sauti kwenye otomatiki, uweke kiwango kwa mkono. Rekodi sentensi mbili, kisha nyamaza kwa muda, halafu sikiliza kwa hedifoni zinazofunika sikio lote. Kinachotafutwa ni ule ukimya. Kila kifaa cha bei rahisi kina mvumo wake wa chini, na ubora wa kifaa uko katika udogo wa mvumo huo. Ukiiacha kwenye otomatiki, kamera inauvuta mvumo juu kila msemaji anapopumua, kisha anaposema tena unazama. Msimuliaji mzuri hunyamaza sana, kwa hiyo kasoro hiyo itajaa kwenye filamu nzima.

Mtihani wenyewe hasa uko juu mlimani, Kibosho, Uru au Marangu, ndani ya kihamba, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba. Jicho linaona utulivu, lakini maiki inasikia majani makavu ya mgomba yakisuguana, maji ya mfongo, yaani mfereji, na mvua ikidondoka kwenye bati, ambayo hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Maiki iliyofungwa juu ya kamera, hatua tatu kutoka kwa bibi anayesimulia, itakuletea migomba, na bibi kwa mbali. Ya kifuani, shibri moja kutoka mdomoni, itakuletea bibi. Angalia tu amevaa nini: kitenge kipya chenye wanga kinakwaruza kila anapopumua. Mwambie, "Shikamoo bibi, naomba tuifunge hapa," uishike kwa plasta ya hospitali iliyokunjwa ili upande unaonata uwe nje pande zote, kitambaa kisipate nafasi ya kucheza.

Kwa upande wa picha, jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni umeme. Wa Tanzania ni wa hezi 50. Weka kamera PAL, fremu 25, shata 1/50, uielekeze kwenye taa ya tyubu ya dukani. Mistari ikitembea kwenye picha, kuna kitu hakijakaa sawa. Mtumba uliotoka Japani ukaguliwe menyu kabla ya kulipa, kwani Sony zilizotengenezwa kwa soko la huko mara nyingi zimefungwa kwenye Kijapani.

Lenzi imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, na unyevu wa mlimani utaikuza. Watakwambia uanze na 50mm ya f/1.8. Ni lenzi nzuri, ila kwenye 700D inabana kama ya 80mm, na katika sebule nyingi utagota ukutani kabla mtu hajaenea. Anza na ile ya 18-55 inayokuja na kamera, hiyo 50 ifuate. Filta ya ND, ya kupunguza mwanga, usiiache: kwa shata 1/50, lenzi ikiwa wazi, na jua letu la saa sita, bila hiyo mlima wote utaungua uwe mweupe.

Mengine ni mafupi. Washa kamera irekodi mpaka ikatike yenyewe; 700D hukata kwenye dakika 29 na sekunde 59, lakini ikizima mapema kwa joto, irudishe. Tripodi iwe nzito. Betri ziwe mbili, na ukipanda juu ya msitu zikae mfuko wa ndani, maana baridi huzimaliza.

Droni isubiri. Kuirusha kunataka kibali, na ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro ni kibali kingine. Kwa pesa ya droni unapata maiki ya pili, kinasa sauti kidogo kama Zoom H1n, na nauli ya kupanda Marangu kwenda kurekodi.