Kutolewa Uwanjani: Uhakiki wa Ushindi wa Pune

Ikitajwa kriketi mbele ya wananchi wa Afrika Mashariki, aghalabu hukumbukwa siku moja tu: tarehe 29 Februari 1996, katika mji wa Pune nchini India, timu ya Kenya ilipoishinda timu ya West Indies kwa tofauti ya mikimbio 73 katika mashindano ya Kombe la Dunia. Siku hiyo imesimuliwa mara nyingi, na karibu kila asimuliaye hulitumia neno lile lile: muujiza. Sisi hatuafikiani na neno hilo. Muujiza hauna fundi. Na kwa kuwa wengi waliusifu ushindi ule kama jambo lililoshuka kutoka mbinguni, hawakuona haja ya kuuliza ulifanywaje, wala ni nani aliyeufanya, wala ufundi huo ungetunzwa kwa njia gani.

Ili tuuhakiki mchezo huu kwa haki, hatuna budi kwanza kutazama jinsi mpigaji anavyotolewa, maana hapo ndipo ulipo moyo wake. Katika kandanda, mshambuliaji akikosa bao dakika ya 3, anazo dakika 87 za kujisahihisha. Mpigaji wa kriketi hana fursa hiyo. Akikosea mara moja amekwenda. Ataketi barazani akiwatazama wenzake hadi zamu yao iishe. Sheria zinazotumika tangu 2017 zinataja njia 9 za kutolewa, lakini zionekanazo kila siku ni chache: mpira kuviangusha vijiti vyake, mpira alioupiga kudakwa kabla haujagusa ardhi, mguu wake kuuzuia mpira ambao ungeviangusha vijiti, au yeye mwenyewe kunaswa nje ya mstari wakati vijiti vinapoangushwa. Na iko desturi moja inayotupendeza sana: mwamuzi hamtoi mtu mpaka timu iliyo uwanjani imwombe hukumu. Hata kosa likiwa dhahiri, asipoulizwa hunyamaza.

Kwa hiyo mrushaji na mpigaji wanafanana na malenga wawili wanaojibizana mbele ya watu. Mmoja hutoa fumbo, mwingine hulifumbua; na mfumbaji hodari si yule mwenye sauti kubwa, bali yule anayemfanya mwenzake ajibu swali ambalo hakuulizwa.

Sasa tuisome kadi ya Pune. Kenya ilipiga kwanza ikatolewa yote kwa mikimbio 166. West Indies wakatolewa wote kwa 93, katika ova 35 na mipira 2. Kati ya wapigaji wao kumi waliotolewa, watatu waliangushiwa vijiti, watano walidakwa, na wawili walinaswa wakikimbia. Hapana hata mmoja aliyetolewa kwa hukumu ya mguu, hukumu ile ambayo siku zote huacha nafasi ya mabishano. Jambo hili halisemwi, nalo ni kubwa. Wakenya hawakupewa kitu na mwamuzi. Kila wiketi ilipatikana kwa mrusho uliopita palipokusudiwa, au kwa mikono iliyokuwa tayari, au kwa mguu uliowahi kuufikia mpira.

Rajab Ali alimwangushia vijiti nahodha Richie Richardson, kisha akampata Brian Lara. Huyu Lara si mtu wa kutajwa kwa kupita. Mwaka 1994 alikuwa amepata mikimbio 375 dhidi ya Uingereza, na miezi michache isiyozidi mitatu baadaye akapata 501 bila kutolewa akiichezea timu ya Warwickshire; hapana aliyekuwa amewahi kufika huko. Siku ile alifika 8. Mpira uligusa ukingo wa gongo lake, na mlinda vijiti Tariq Iqbal akaudaka.

Hata hivyo, wasimulizi wanapokwisha kumtaja Lara hunyamaza, kana kwamba mchezo ulimalizika pale. Kwa maoni yetu kazi kubwa ilikuwa bado, na iliyofanywa baadaye na nahodha Maurice Odumbe kwa mipira yake ya polepole yenye kuzunguka ndiyo inayostahili kusomeshwa. Katika ova 10 alitoa mikimbio 15 tu, akachukua wiketi 3. Hao watatu walikuwa nani? Chanderpaul aliyepata 19, Adams aliyepata 9, na Harper aliyepata 17. Katika timu nzima ya West Indies, wapigaji waliovuka 10 ni wawili tu, Chanderpaul na Harper, na wote wawili walidakwa kutokana na mipira ya Odumbe. Yaani wale waliokuwa wameanza kulifumbua fumbo ndio aliowabadilishia fumbo.

Wako watakaosema kwamba West Indies walijishinda wenyewe. Hoja hiyo haikosi ukweli. Katika mikimbio 166 ya Kenya, 37 haikutoka katika gongo la mtu. Ilikuwa mikimbio ya bure, itokanayo na makosa ya warushaji na mipira iliyowapita walinzi. Mpigaji bora wa Kenya, Steve Tikolo, alipata 29. Basi mtu angeweza kusema kwa mzaha kwamba mpigaji hodari wa Kenya siku ile alikuwa uzembe wa West Indies. Lakini mzaha huo unasahau upande wa pili wa kadi: Kenya ilitoa mikimbio ya bure 17 tu. Watu walioishi kwa mshahara wa mchezo huu walishindwa kwa nidhamu na watu ambao wengi wao walikuwa na kazi nyingine za kujipatia riziki.

Wala kutotolewa peke yake si ushindi. Mwaka 1975, katika Kombe la Dunia la kwanza, timu ya pamoja ya Afrika Mashariki, yenye wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilipambana na New Zealand mjini Birmingham. Wapinzani walipata 309. Wetu walisimama ova zote 60 wakapoteza wiketi 8 tu, lakini walipata 128. Mmoja wa warushaji wa siku hiyo alikuwa John Nagenda wa Uganda, ambaye baadaye alijulikana kama mwandishi wa riwaya. Timu ile ilijua kujilinda. Haikujua kumfumbia mtu fumbo. Kati ya hapo na Pune ni miaka 21 ya kujifunza, na miaka 21 si muujiza.

Ushahidi zaidi tunaupata mwaka 2003. Tarehe 24 Februari, jijini Nairobi, Collins Obuya alichukua wiketi 5 kwa mikimbio 24, na Sri Lanka wakashindwa kwa 53. Kenya ikafika nusu fainali. Lakini mfano tuupendao kuliko yote umo katika mchezo ambao Kenya ilishindwa. Tarehe 15 Machi 2003 mjini Durban, dhidi ya Australia, mabingwa wa dunia, alirusha Asif Karim, mzaliwa wa Mombasa, mwenye umri wa miaka 39, aliyekuwa amekwisha kustaafu akaitwa tena. Alirusha ova 8 na mipira 2, akatoa mikimbio 7, akachukua wiketi 3. Ponting alitolewa kwa hukumu ya mguu, Lehmann alidakwa na mlinda vijiti, na Hogg alidakwa na Karim mwenyewe. Australia walishinda, lakini Karim ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa siku.

Ufundi huo haukurithishwa. Odumbe alifungiwa miaka 5 mwaka 2004 kwa kushirikiana na wacheza kamari, jambo ambalo hatuwezi kulifunika kwa sifa za Pune. Kenya haikupata mashindano ya kudumu ya kuwalea warushaji vijana, na mwaka 2014 ilipoteza hadhi yake ya kucheza michezo ya kimataifa ya siku moja.

Lawama nyingine tunajitupia sisi tuandikao Kiswahili. Katika habari zetu kila mpigaji "ametoka", awe amedakwa, ameangushiwa vijiti au amenaswa katikati ya njia. Msomaji hapewi lililotokea. Tena katika zile ova 8 za Karim, ova 6 hazikutoa mkimbio hata mmoja. Waingereza wanalo jina la ova ya namna hiyo tangu zamani. Sisi, ambao ni mwana wa Mombasa aliyeturushia hizo sita, hatujakubaliana juu ya jina lolote. Tunapendekeza iitwe ova kavu.