Pilipili Usiyoila: Juu ya Filamu za Wanafunzi na Wapenda Pilipili

Methali ya Waswahili yauliza: "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Husemwa kumrudi mdukuzi, mtu ajitiaye katika shughuli zisizomhusu. Mwanafunzi wa sinema achukuaye kamera kwenda kuwapiga picha watu wapendao pilipili ni mdukuzi wa namna hiyo, tena mara mbili. Kwanza ajiingiza mezani pa watu. Kisha ataka mtazamaji, aliyeketi gizani na kinywani hana kitu, awashwe na pilipili asiyoila. Jambo hili huonekana jepesi kwa kijana atafutaye mada ya kumalizia masomo yake. Gharama yake ni ndogo, wasemaji wake ni wachangamfu, na kicheko hakikosi. Lakini mada iliyo rahisi kupigwa picha si lazima iwe rahisi kutengenezwa filamu, na tofauti ya mambo haya mawili yastahili kuchunguzwa.

Sinema ina macho na masikio, ulimi haina. Yote yaitendayo pilipili hutendeka mahali kamera isipoweza kufika, na kilichobaki nje ni uso wa mlaji: jasho la paji, machozi, kwikwi, mkono utafutao maziwa. Basi mwanafunzi hukimbilia mashindano ya kula. Huko kuna saa ya kuhesabu dakika, kuna sahani zilizopangwa kutoka pilipili ya upole hadi ya ukali wa kutisha, kuna umati wa kushangilia. Vijana wa leo, zaidi ya hayo, wamelelewa na kipindi cha Kimarekani Hot Ones, kilichoanza mwaka 2015, ambamo watu mashuhuri huulizwa maswali huku wakila vipapatio vya kuku vilivyotiwa michuzi inayozidi ukali. Kipindi hicho kina akili yake: ukali wa mchuzi humvua mgeni adabu zake za kujitangaza, na majibu yake huwa ya kweli kidogo. Mwanafunzi aigapo huiga machozi na kuyaacha maswali. Matokeo yake ni kwamba uso wa kwanza wasisimua, wa pili wachekesha, na kufikia wa nne mtazamaji amekwisha jua yote atakayojulishwa, isipokuwa hajui mtu yule ni nani.

Tena kuna ugonjwa wa tarakimu. Wilbur Scoville, mtaalamu wa madawa wa Marekani, alibuni mwaka 1912 njia ya kupima ukali: maji ya pilipili yalizimuliwa kwa maji ya sukari mara nyingi, mpaka waonjaji wasisikie tena mwasho, na idadi ya kuzimuliwa huko ikawa kipimo. Tangu hapo watu wameshindana kwa hesabu. Pilipili ya Ed Currie wa South Carolina iitwayo Carolina Reaper ilitambuliwa mwaka 2013 kuwa kali kuliko zote duniani, na mwaka 2023 ikapitwa na nyingine ya mkuzaji huyo huyo, Pepper X, kwa kipimo cha wastani wa 2,693,000. Tarakimu kama hizo huandikwa kwa herufi kubwa juu ya picha, na filamu hudhani imekwisha eleza mapenzi. Mizani haielezi mapenzi. Mtu apimaye ndoa kwa uzito wa mahari hujua mahari tu.

Kielelezo chema zaidi cha kazi hii hakihusu pilipili, bali kitunguu saumu. Les Blank, Mmarekani aliyefariki mwaka 2013, alitoa mwaka 1980 filamu ya dakika 51 iitwayo Garlic Is as Good as Ten Mothers, aliyoipiga huko California. Wapenzi wake si watu wa kushindana. Humenya, huponda, hukaanga, hubishana juu ya faida za saumu kwa damu na kwa roho, na muziki huwapitia kama moshi wa jikoni. Hata Werner Herzog, mtengenezaji filamu wa Ujerumani, huonekana kidogo akiulizwa kwa nini filamu yake ya Nosferatu haina saumu. Blank aliufahamu upungufu wa sinema, akautafutia dawa ya kijasiri: filamu ilipoonyeshwa alipenda saumu ziokwe nyuma ya ukumbi, harufu iwafikie watu waliokaa. Wapo watakaosema huo ni mzaha. Kwa hakika ni ukiri wa fundi kwamba picha peke yake haikutosha.

Lakini thamani ya filamu ile haimo katika harufu. Imo katika jambo moja ambalo mwanafunzi aweza kuliiga bila ya jiko: Blank huonyesha mapenzi kwa njia ya kazi. Mkono wa mpishi hukaa katika picha muda wa kutosha hata mtazamaji atambue kwamba umefanya hivyo miaka mingi. Hapo hapana haja ya mtu kuapa kwamba apenda.

Swali la asili, yaani kwa nini binadamu apende kitu kimuumizacho, lina majibu ambayo filamu isiyaogope. Ukali wa pilipili si ladha hata kidogo. Mwaka 1997 David Julius na wenzake walionyesha kwamba kapsaisini, dutu iliyo ndani ya pilipili, hugusa kipokezi kile kile cha neva kipokeacho joto la kuunguza. Kwa uchunguzi wa namna hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Lugha ya Kiswahili haikungoja maabara: pilipili huwasha, na moto nao huwashwa. Naye Paul Rozin, mwanasaikolojia, alichunguza jambo hili katika kijiji cha Meksiko. Watoto wadogo hawakulazimishwa pilipili. Walitiliwa kidogo kidogo, wakiwaona wakubwa wakila, mpaka wakaitaka wenyewe. Mbwa na nguruwe wa kijiji, waliokula mabaki yenye pilipili maisha yao yote, walipopewa hiari walichagua chakula kisicho nayo. Basi mapenzi haya hufunzwa mezani, baina ya mkubwa na mdogo. Mtoto anyoshaye mkono kwa mara ya kwanza kwenye bakuli la mchuzi, na mama atazamaye asiseme neno, ni picha yenye thamani kuliko mashindano kumi. Nayo yataka subira ya siku nyingi, na mwenyeji aliyekwisha msahau mwenye kamera.

Mahali pa kuijaribu hoja hii ni jimbo la New Mexico, ambako pilipili ni fahari ya watu. Fabián García, mzaliwa wa Meksiko, alitoa huko mwaka 1921 aina iitwayo New Mexico No. 9, iliyowapa wakulima pilipili ya ukubwa na ukali unaotegemeka. Kila mwisho wa kiangazi pilipili mbichi huchomwa katika mapipa ya nyavu za chuma yazungukayo juu ya miali ya gesi, na harufu hujaa barabarani. Hapo mwanafunzi ana sauti, ana moto, ana watu wenye furaha. Aweza kurudi chuoni na kupongezwa.

Asirudi bado. Mashamba ya pilipili ya jimbo hilo yalipita eka 30,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sasa yamepungua chini ya 10,000. Mojawapo ya sababu ni kwamba pilipili mbichi huchumwa kwa mkono na wachumaji ni adimu. Wengi wao hutoka mpakani, huondoka El Paso kabla ya mapambazuko, na hulipwa kwa ndoo. Kapsaisini haiyeyuki vyema katika maji. Hubaki vidoleni baada ya kunawa, na jicho likiguswa ndipo hujulikana. Mchumaji huyo huwashwa na pilipili asiyoila, na methali iliyotungwa kumkanya mdukuzi haina la kumwambia.

Je, awekwe katika filamu ya wapenzi? Wako walimu watakaosema hapana, kwamba kila mada ina mipaka yake na huzuni huharibu utamu. Hoja hiyo ni dhaifu. Filamu isemayo kwamba watu hawa hupenda pilipili hadi machozi imejipa jukumu la kujua machozi mengine yatoka wapi. Ila mchumaji asiletwe mwishoni kama adhabu ya mtazamaji aliyecheka, kwa maana hila hiyo imechakaa na humfanya mtu huyo kuwa somo badala ya mtu. Mahali pake ni mapema, katikati ya vicheko, akiulizwa swali lile lile waliloulizwa wengine wote: yeye mwenyewe nyumbani hula pilipili ya namna gani, na nani aliyemfunza kuila.