Kalamu Nyekundu ya Darasa la Pili

Tarehe 30 Aprili, siku ya elimu nchini Kongo, walimu husifiwa kwa hotuba. Mimi namsifu mwalimu stadi wa darasa la pili mjini Bunia, yule anayewafundisha watoto kuandika, na sifa yangu ni kuitazama kazi yake bila haraka.

Mtazame kwanza mbele ya ubao. Husimama upande, ili darasa lione herufi inavyozaliwa: mstari unapoanzia, unapopinda, chaki inapoinuka. Anajua kwamba herufi ni mwendo kabla ya kuwa umbo. Mtoto anayeanzia chini pale panapotakiwa kuanzia juu anaweza kutoa herufi inayopendeza, lakini akitakiwa kuandika upesi ataachwa nyuma na wenzake. Mwalimu huliona hilo akipita kati ya madawati. Hafuti kitu. Huweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto, wakaiandika herufi pamoja, kisha humwachia.

Halafu kuna sikio. Nyumbani watoto hawa wanasema Kilendu, Kihema, Kialur au Kibira. Sokoni na barabarani wanasema Kiswahili, na Kiswahili cha Bunia ni mutu, mutoto, mukate. Kitabu kinaandika mtu, mtoto, mkate. Mwalimu mwenye pupa atasema, “Umekosa.” Huyu ninayemsifu anatambua kwamba mtoto aliyeandika mutoto amesikiliza vizuri mno. Hulisifu sikio kwanza, ndipo aonyeshe desturi ya kitabu, neno moja leo, jingine kesho. Kinywa cha nyumbani hakiaibishwi.

Lakini ninachokistahi kuliko vyote ni kalamu yake nyekundu. Shule za msingi za serikali zilipofanywa za bure mwaka 2019, madarasa yalifurika; na tangu mwisho wa 2017 vita vya eneo jirani la Djugu vimekuwa vikileta familia za wakimbizi Bunia. Rundo la kaye, yaani madaftari ya watoto, mezani si dogo. Sentensi ya maneno sita inaweza kuwa na makosa matano, na kuyazungushia yote ni kazi nyepesi. Tatizo huonekana kesho yake: mtoto aliyerudishiwa ukurasa mwekundu huandika maneno matatu tu, yale asiyoweza kuyakosea. Amejifunza kujificha.

Basi mwalimu huchagua kosa moja, lile ambalo mtoto huyu, wiki hii, yuko tayari kuachana nalo. Hulisahihisha, huandika chini yake sentensi ya mfano kwa mwandiko safi, na mengine huyanyamazia kwa makusudi. Mzazi akiifungua kaye anaweza kudhani mwalimu amezembea. Kumbe ili kuchagua hivyo, kaye baada ya kaye, lazima akumbuke kila mtoto amefika wapi, nani ameanza kuacha nafasi kati ya maneno, nani bado anaunganisha. Sijui kazi ya akili inayonishangaza zaidi ya hii, na hufanywa jioni, kwa mshahara mdogo.

Wakaguzi wangefanya vema kuomba kaye mbili za mtoto mmoja, ya Septemba na ya Machi, na kuzifungua pamoja. Wasianze kuhesabu makosa. Watazame kwanza kama sentensi zimerefuka.